Konde na Shamba: Mwanamke, Ardhi na Chakula cha Nyumba katika Kisiwa cha Unguja

Katika lugha ya watu wa Unguja yamo maneno mawili ambayo mgeni huyadhani kuwa ni kitu kimoja, nayo ni konde na shamba. Kamusi nyingi huyafasiri kwa maana moja, na msomaji wa bara haoni tofauti kubwa baina yake. Lakini mwenyeji wa Makunduchi au wa Chwaka akisema kwamba mama yake yuko kondeni, aghalabu ana maana kwamba yuko mahali palipolimwa muhogo, kunde, choroko au viazi vitamu, yaani mimea ya msimu. Na akisema kwamba fulani ana shamba, maana yake ni kwamba mtu huyo ana miti: minazi, mikarafuu, miembe au michungwa. Tena neno shamba limepata maana nyingine zaidi, ya mahali pote palipo nje ya mji, na ndiyo sababu mtu wa Mji Mkongwe husema anakwenda shamba hata ikiwa hana mti mmoja huko aendako.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Ndani yake imo sheria nzima ya ardhi, nayo ni sheria ambayo kwa muda mrefu haikuandikwa popote. Mwenye mti ana mali, na mwenye muhogo ana chakula. Mti hurithiwa, huuzwa, huwekwa rehani na huwekwa wakfu. Muhogo huliwa, na ukishaliwa hausazi dalili ya kwamba mtu fulani alipata kulima pale. Na kwa kuwa katika vijiji vya Unguja kazi ya konde imekuwa zaidi mikononi mwa wanawake, historia ya maneno haya mawili ni historia ya haki ya mwanamke katika ardhi, na kwa hiyo ni historia ya chungu chake pia. Makala haya yanaifuata historia hiyo tangu zamani za Mwinyi Mkuu hata zama hizi za hoteli na mwani, ili ionekane jinsi haki iliyokuwa imara kwa desturi ilivyopungua kila mara ardhi ilipopata bei.

I. Nchi na kilimo chake

Kisiwa cha Unguja kimegawanyika sehemu mbili kwa tabia ya udongo wake. Upande wa magharibi na sehemu za kati na kaskazini kuna udongo mzito wenye rutuba, wenye vilima na mabonde. Huko ndiko yalikositawi mashamba ya mikarafuu na minazi. Upande wa mashariki na kusini nchi ni ya maweni: mwamba wa matumbawe ya kale uliofunikwa na udongo mwembamba, na mahali pengine hapana udongo ila ule uliokaa katika mashimo na nyufa za mawe. Katika nchi hii ya maweni ndimo vilimo vijiji vingi vya watu walioitwa Wahadimu, jina ambalo asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya mtumishi, na ambalo wenyewe hawakulipenda sana.

Kilimo cha maweni kina taratibu zake. Hufyekwa kipande cha msitu, miti ikaachwa ikauke, kisha ikachomwa moto kabla ya mvua. Mbegu hutiwa katika matundu yaliyo baina ya mawe, na konde huzungushiwa ua au ukuta wa mawe kwa kuogopa nguruwe mwitu. Baada ya misimu michache udongo huchoka, na mlimaji hana budi kulihama konde lake, akaliacha liote msitu tena kwa miaka mingi. Kwa hiyo haki ya ardhi katika maweni haikuwa haki ya kipande kimoja kilichopimwa; ilikuwa haki ya kuhama na ya kurudi. Aliyezuiwa kuhama alikuwa amenyimwa ardhi hata kama hakuna aliyemfukuza katika konde alilokuwa nalo.

Kazi ziligawanywa. Mwanamume alifyeka, akakata miti na kujenga ua. Mwanamke alipanda, akapalilia na akavuna. Muhogo ulikuwa ghala yenyewe, kwani huweza kukaa ardhini mpaka uhitajiwe, na uliochimbwa ukazidi ulimenywa, ukaanikwa na kuwa makopa ya wakati wa njaa. Penye mabonde yenye maji, kama Cheju, wanawake walilima mpunga. Na wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali, walikwenda pwani kutafuta pweza, chaza na kombe. Kusuka ukili, kuzika makumbi katika tope la pwani hata yaoze na kuyapiga kuwa usumba, na kukata kuni za kuuza, ndizo zilizokuwa njia za kupata fedha. Hivyo chakula cha nyumba kilisimama juu ya mafiga matatu: konde, pwani na kazi ya mikono; na mwanamke alikuwa mwenye kushughulika na yote matatu.

II. Kiambo na wavyale

Habari zilizo bora kuhusu desturi za ardhi za vijiji hivi zimekusanywa na wataalamu wawili katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza. R. H. W. Pakenham aliandika juu ya ardhi ya Chwaka, na kazi yake ilichapishwa mwaka 1947. John Middleton alifanya uchunguzi mpana zaidi juu ya Unguja na Pemba, nao ulitolewa mwaka 1961. Kutokana na maandishi yao na masimulizi ya wazee yaonekana kwamba msingi wa haki ulikuwa ni kiambo. Kiambo ni mahali penye nyumba, makaburi, visima na miti ya watu wa ukoo mmoja, na ukoo huo ulihesabiwa kwa upande wa baba na kwa upande wa mama vilevile. Mtoto wa kike alikuwa na haki ya kukaa katika kiambo cha wazee wake sawa na nduguye wa kiume. Akiolewa akahama, haki yake ililala lakini haikufa. Akiachwa au akifiwa na mume, alirudi kwao, akapewa pa kujenga na pa kulima.

Nje ya kiambo palikuwa na msitu na uwanda, ambavyo vilikuwa vya mji mzima. Huko mwenyeji yeyote, mume au mke, aliweza kufyeka konde, na konde lilikuwa lake maadamu analilima. Mambo ya mji yaliamuliwa na wazee walioitwa Watu Wanne, nao kwa kawaida walikuwa wanaume. Lakini palikuwa na cheo kingine kilichohusu ardhi hasa, nacho ni cha mvyale. Mvyale ndiye aliyejua mizimu ya nchi, aliyefukiza ubani, na aliyeombwa radhi kabla ya kufyeka msitu mpya. Cheo hiki kilirithiwa, na mwanamke aliweza kukishika kama mwanamume. Neno lenyewe lafaa kuangaliwa. Linatokana na kitenzi kuvyaa, ambacho ndicho kuzaa cha Kiswahili sanifu; mvyale basi ni mzalia wa mahali, mtu ambaye nchi inamjua kwa sababu amezaliwa nayo. Dhana ya kwamba haki ya ardhi hutokana na kuzaliwa, wala si na kununua, imehifadhiwa katika neno hilo moja.

Hata hivyo haifai kudhani kwamba desturi hii ilimpa mwanamke kila kitu. Iliweka mpaka mmoja mkubwa, nao ulihusu miti. Aliyepanda mti wa kudumu alikuwa na mti huo hata kama ardhi si yake, na vizazi vyake viliurithi. Kwa hiyo mtu aliyeazimwa ardhi aliruhusiwa kupanda muhogo, lakini alikatazwa kupanda mnazi, kwa sababu mnazi ungelikuwa shahidi wake milele. Wanawake walirithi minazi na kuimiliki, na wengine walikuwa nayo mingi. Lakini waliopanda zaidi walikuwa wanaume, na wanawake walitumia zaidi ardhi kwa mimea isiyoacha alama. Sheria hii ya mti na muhogo ndiyo ufunguo wa mambo yote yatakayofuata.

III. Fungu la mirathi

Juu ya desturi ya kiambo ilisimama sheria ya Kiislamu, ambayo watu wa Unguja, wa mjini na wa shamba, waliifuata katika mirathi. Sheria hii ni wazi: binti hupata nusu ya fungu la nduguye wa kiume, na mjane hupata thumuni ikiwa marehemu ameacha watoto, au robo ikiwa hakuacha. Mali ya mke ni yake mwenyewe. Mume hana amri juu yake. Katika nchi nyingi za Ulaya mke aliyeolewa hakuwa na haki kama hiyo mpaka nusu ya pili ya karne ya 19. Nchini Uingereza sheria iliyompa mke mamlaka kamili ya mali yake ilipitishwa mwaka 1882.

Mifano ya wanawake wenye mashamba haikosekani. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844, alihesabiwa kuwa amekwisha pevuka akiwa na miaka 12 tu, baba yake Sayyid Said alipofariki mwaka 1856, akapewa fungu lake la urithi, na ndani yake lilikuwamo shamba. Ameyaeleza maisha yake katika kitabu alichokitoa kwa Kijerumani mwaka 1886. Dada yake, Sayyida Khole, alikuwa na shamba huko Bungi, na magofu ya nyumba yake pamoja na safu za miembe hujulikana hata leo kwa jina la Bi Khole. Lakini isidhaniwe kwamba umiliki ulikuwa wa mabinti wa wafalme peke yao. Hati za mauzo, rehani na mirathi zilizohifadhiwa katika Nyaraka za Zanzibar, pamoja na kumbukumbu za mahkama za makadhi, zinaonyesha wanawake wa daraja mbalimbali wakinunua, wakiuza na wakishtaki kwa ajili ya mali.

Ugumu ulikuwa katika kulichukua fungu. Mwanamke wa kijiji aliyerithi thumuni ya minazi arobaini, au nusu ya fungu la kaka yake katika kipande kisichogawanyika, alikuwa na haki ambayo kuidai kungelimgharimu zaidi ya thamani yake. Mara nyingi aliliacha fungu lake mikononi mwa kaka, akapelekewa nazi na muhogo wakati wa mavuno. Wengine wamelifasiri jambo hili kuwa ni dhulma, na mara nyingine lilikuwa dhulma kweli. Lakini lilikuwa na hesabu yake. Katika nchi ambayo talaka ni jambo la kila siku, mwanamke aliyemwachia kaka yake fungu alikuwa ameweka akiba ya makao: siku atakaporudi na watoto wake, mlango hautafungwa. Ilikuwa ni bima isiyo na karatasi, na ubora wake wote ulitegemea kwamba kaka yu hai, ana kumbukumbu, na hana mnunuzi mlangoni.

Hapa neno jingine lina habari. Nafaka kwa Kiswahili ni mahindi, mtama, mpunga na mfano wake. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya matumizi, na katika sheria ni yale matumizi ambayo mume amewajibika kumpa mke: chakula, nguo na makao. Kwa sheria, basi, mtoaji wa nafaka ni mwanamume. Lakini katika maweni ya Unguja nafaka na muhogo vilitoka zaidi katika jembe la mwanamke. Wajibu ulikuwa wa mmoja na kazi ya mwingine, na kwa kuwa kilichoandikwa ni wajibu, kazi ilisahauliwa.

IV. Karne ya mkarafuu

Mkarafuu uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na katika zamani za Sayyid Said ulienea upesi katika udongo mzuri wa magharibi. Wanahistoria hawajaafikiana kama wenyeji walifukuzwa katika ardhi hiyo au waliiuza na kuiacha kidogo kidogo. Lililo dhahiri ni matokeo: udongo mzito ulipita katika mikono ya wenye mashamba, na wenyeji wengi wakabaki katika maweni. Mamlaka ya Mwinyi Mkuu, ambayo ndiyo yaliyolinda haki za wenyeji, nayo yalififia. Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed, aliyekaa Dunga, alifariki mwaka 1865, na mwanawe aliyemfuata alifariki mwaka 1873 bila ya kuachia cheo mrithi.

Katika mashamba yenyewe kazi ilifanywa na watumwa, na wanawake walikuwa wengi miongoni mwao. Walipewa vipande vya kulima chakula chao chini ya miti au pembezoni. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na mahali pake wenyewe wakapanda minazi kwa wingi. Mwaka 1897 sheria iliondoa hali ya utumwa, lakini masuria hawakuingizwa mpaka sheria ya mwaka 1909. Waliopata uhuru hawakupata ardhi. Waliobaki shamba walipewa ruhusa ya kukaa na kulima muhogo chini ya miti ya wenyewe kwa sharti la kufanya kazi na kuyaweka mashamba safi. Nao hawakuruhusiwa kupanda miti yao. Sheria ya mti na muhogo, iliyokuwa desturi ya ukoo, ikawa sasa sharti baina ya mwenye shamba na mkaaji.

Wengine walihamia mjini. Ng'ambo ya pili ya hori iliyoutenga Mji Mkongwe, wanawake wengi walijenga vibanda vyao wenyewe, jambo ambalo shamba hawakuliweza. Katika wale waliotoka shamba kwenda mjini yumo Siti binti Saad wa Fumba, ambaye kabla ya kuwa mwimbaji mashuhuri alikuwa akifinyanga vyungu na kuviuza. Habari zake zimeandikwa na Shaaban Robert. Lakini hata Ng'ambo nyumba ilikuwa ya mtu na kiwanja cha mwingine, na madai ya kodi ya ardhi yalisababisha mgomo mkubwa mwaka 1928, ambao wanawake walishiriki kwa nguvu.

Katika maweni wanawake waliendelea na konde, na wakati wa mavuno walifuatana na waume zao kwenda kuchuma karafuu, wakalipwa kwa pishi, na jioni wakachambua karafuu kutoa makonyo. Ujira huo ulinunua nguo na mchele. Kwa njia hii mchele wa kigeni uliingia katika chakula cha kijiji, na ukawa chakula cha heshima, ilhali muhogo ukahesabiwa kuwa chakula cha shida.

V. Mchele wa Burma na miaka ya mvutano

Kwamba hesabu hiyo ilikuwa ya makosa ilidhihirika wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mchele mwingi wa Zanzibar ulikuwa ukitoka Burma, na Burma ilipotwaliwa na Wajapani mwaka 1942 njia ilizibwa. Serikali ikaanza kugawa chakula kwa kipimo, na kipimo chenyewe kikafuata kabila: waliohesabiwa Waasia na Waarabu walipata mchele ambao waliohesabiwa Waafrika hawakupata sawasawa nao. Siasa ya majina ya makabila katika Zanzibar ilipata ukali wake kwa sehemu katika foleni hizo. Serikali ilihimiza kilimo cha muhogo, viazi na mpunga, na kazi hiyo ikaangukia zaidi makonde, mahali ambapo rejista za Serikali hazikupata kupaangalia. Ushuru, mikopo na takwimu za ukulima zilihusu karafuu na mbata. Konde halikuwa na daftari.

Vita vilipokwisha mchele ulirudi, na somo likasahauliwa. Katika mashamba ya magharibi, ruhusa ya kulima chini ya miti ilikuwa bado ni ruhusa tu. Baada ya uchaguzi wa kwanza wa mwezi wa Julai 1957, ugomvi wa vyama uliingia shamba, na wenye mashamba kadha wa kadha waliwafukuza wakaaji waliowaona kuwa wafuasi wa chama kingine. Nyumba nyingi zilipoteza konde katika msimu mmoja kwa sababu ya kura ya mwanamume mmoja. Kura za wanawake hazikuwako katika uchaguzi huo, lakini muhogo ulioachwa ardhini ulikuwa wao.

VI. Eka tatu

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaligeuza mambo yote ya ardhi. Mwezi wa Machi mwaka huo huo ardhi ilitangazwa kuwa mali ya Serikali, na kwa sheria zilizotungwa mwaka 1965 na 1966 mashamba yaliyotwaliwa yaligawiwa wananchi kwa vipande vya eka tatu. Kwa watu waliokuwa wakilima chini ya miti ya wengine, kugawiwa kwa eka tatu kulikuwa ni haki iliyongojwa kwa vizazi. Mkaaji wa jana akawa na miti.

Lakini fomu ya kugawia ilikuwa na nafasi ya jina moja. Wanawake walikuwamo katika waliopewa, hasa wajane na wasio na waume. Ila kwa kuwa mkuu wa nyumba alihesabiwa kuwa mwanamume, majina mengi yaliyoandikwa yalikuwa ya wanaume. Mke aliyelima pamoja na mumewe kabla ya 1964 alijikuta kwamba ruhusa yao ya pamoja, iliyokuwa dhaifu, imegeuka haki imara ya mmoja wao. Akiachwa, aliondoka. Tena, kwa kuwa kipande kilikuwa ni cha kutumiwa na si cha kuuzwa, kulizuka mashaka alipofariki mwenye jina: sheria ya mirathi yataka kugawa, na sheria ya eka tatu haikukusudia kipande kikatwekatwe.

Katika miaka ya mwanzo ya 1970 Serikali ilipunguza sana uingizaji wa chakula kutoka nje kwa kutaka nchi ijitosheleze. Mchele, unga na sukari vilikuwa haba, na foleni zikawa ndefu. Waliokumbuka miaka ya vita waliujua mwendo: muhogo wa maweni, ndizi, majimbi na mashelisheli ndivyo vilivyotuliza njaa. Kwa mara ya pili katika muda wa miaka thelathini, konde lilibeba kisiwa.

VII. Mwani na hoteli

Mwaka 1989 kilimo cha mwani cha biashara kilianza katika pwani ya Paje na Jambiani kwa mbegu iliyoletwa kutoka Ufilipino. Wanawake waliokuwa wakiokota mwani wa mwitu tangu zamani waliupokea upesi, na kazi hii ikaenea mashariki yote ya Unguja. Yafaa kuangalia jinsi walivyopata ardhi. Eneo la maji kupwa na kujaa halikuwa la mtu. Mwanamke alichomeka vigingi, akafunga kamba, na mahali pale pakawa pake maadamu anapatumia. Hii ndiyo sheria ya konde la maweni, neno kwa neno, iliyohamishiwa baharini. Kwa fedha ya mwani nyumba zilijengwa na watoto wakasomeshwa. Mwanamke wa kijiji alikuwa na mazao yaliyokwenda ng'ambo kwa jina lake mwenyewe. Lakini bei ilishuka, aina yenye thamani zaidi ikaanza kufa kwa joto la maji na maradhi, na pwani ile ile ikatakiwa na mnunuzi mwingine.

Mnunuzi huyo alikuwa ni utalii. Tangu Serikali ilipofungua mlango kwa wawekezaji katika miaka ya 1980, maweni ya pwani, ambayo kwa karne nzima yalikuwa ardhi ya maskini, yalipata bei kubwa kuliko udongo wa mikarafuu. Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992 ilithibitisha kwamba ardhi ni ya umma chini ya dhamana ya Rais. Mtu hupewa haki ya kuitumia. Kwa hiyo, palipouzwa kipande cha pwani, mara nyingi kilichoandikwa kuuzwa ni minazi iliyosimama juu yake, na fidia ilipolipwa ilihesabiwa kwa miti na majengo. Mwenye minazi, au kaka aliyeachiwa minazi ya ndugu zake wote, alipokea fedha. Aliyekuwa na muhogo alilipwa thamani ya muhogo wa msimu ule, au hakulipwa kitu. Na aliyekuwa na haki ya kurudi kufyeka msitu mwaka ujao hakuwa na kitu cha kuhesabiwa kabisa. Hali kadhalika, sehemu ya msitu iliyoingizwa katika hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka mwaka 2004 ilikuwa na sababu nzuri za kulindwa. Lakini kuni na makonde ya zamani yaliyokuwa humo hayakuwa na hati.

Yaonekana basi kwamba hakuna aliyetunga sheria ya kuwanyang'anya wanawake ardhi. Ile tofauti ya kale ya mti na muhogo ndiyo iliyofanya kazi hiyo, baada ya kutolewa katika kiambo ilimokuwa na kinga zake na kutiwa katika soko lisilokuwa na kinga hizo. Zamani aliyekosa mti alikuwa na ukoo, mvyale, Watu Wanne na msitu mpana. Sasa miti imebaki kuwa shahidi, na mashahidi wengine wote wameondoka barazani.

VIII. Hitimisho

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Haki ya mwanamke wa Unguja katika konde ilikuwa ni mali bila daftari. Kwa muda wa karne moja na nusu imepungua mara nne: mkarafuu ulipoingia, uhuru ulipotolewa bila ardhi, eka tatu zilipoandikwa kwa jina moja, na pwani ilipopata bei. Katika kila mara watu waliona ongezeko la mali ya nchi, na upungufu wa chakula ulionekana baadaye tu, meli ilipochelewa. Kisiwa ambacho pamoja na Pemba na visiwa vidogo kilihesabiwa kuwa na watu 1,889,773 mwaka 2022, na ambacho hununua ng'ambo sehemu kubwa ya mchele wake, hakiwezi kulichukulia jambo hili kuwa ni la akina mama peke yao.

Upimaji na uandikishaji wa ardhi, ambao sheria zake zilipitishwa mwaka 1989, bado haujafika kila kijiji. Utakapofika, karani atauliza kwa Kiswahili fasaha: nani mwenye shamba hili? Na mwanamke aliyelima pale miaka ishirini atajibu kwa ukweli kabisa kwamba shamba ni la kaka yake, kwa maana ya kwamba miti ni ya kaka yake. Karani ataandika jina, atapiga muhuri, na haki ya konde itakuwa imekwisha, bila ya mtu yeyote kusema uwongo. Pengine lingeulizwa swali la pili: na nani mwenye kulima hapa, na kwa haki gani? Lugha inayo maneno ya kuuliza na ya kujibu. Konde, kiambo na mvyale ni maneno ya sheria, si masalio ya kienyeji ya kuwekwa mwisho wa kamusi kwa alama ya kwamba hayatumiki. Kazi ya wanafunzi wa lugha ni kuyaeleza kwa usahihi kabla ya wapimaji kupita, kwani neno lisiloeleweka na karani haliingii katika rejista, na haki isiyoingia katika rejista ndiyo hiyo inayoliwa msimu huu na kusahauliwa msimu ujao.